Programu ya kliniki: Uliza ilishonewa nani

UKIINGIA katika kliniki ya kibinafsi jijini Nairobi, Mombasa au Kisumu siku hizi, mara nyingi utakayekutana naye kwanza si muuguzi bali karani aliyeketi nyuma ya kompyuta. Atakuuliza jina, nambari ya simu na namna utakavyolipa, avinakili hayo yote upesi, kisha akuelekeze kwenye benchi. Ile kadi ya karatasi ngumu iliyokuwa ikiwekwa kwenye kabati la chuma, na ambayo ilipotea kila mara ilipohitajika, inazidi kutoweka katika kliniki za mjini.

Ni wagonjwa wachache wanaojiuliza programu iliyo ndani ya kompyuta hiyo ilitoka wapi. Aghalabu haikutungwa kwa ajili ya kliniki hiyo. Ilinunuliwa ikiwa tayari, kama suti inayoning'inia dukani, na muuzaji akaahidi kuipunguza mikono baadaye. Katika biashara ya programu, suti ya aina hii hujulikana kama kiolezo cha sekta. Kampuni moja hutengeneza programu ya msingi, halafu huiandalia sura mbalimbali: moja ya shule, nyingine ya hoteli, nyingine ya duka la vifaa vya ujenzi, na nyingine ya hospitali.

Duka la viatu likiuziwa kiolezo kisichofaa, hasara ni ya pesa. Kliniki ikiuziwa kiolezo kisichofaa, hasara yaweza kuwa dozi ya mtoto.

Mgonjwa awa mteja

Siri ya biashara hii si kubwa. Ndani ya programu nyingi za biashara mna mambo yale yale: orodha ya wateja, orodha ya bidhaa na bei zake, ghala, ankara, risiti na vitabu vya hesabu. Mtengenezaji anapotaka kuuzia shule, mteja hugeuka mwanafunzi na ankara ikawa karo. Akitaka kuuzia hoteli, bidhaa huwa chumba. Akija kwako wewe mwenye kliniki, mteja anakuwa mgonjwa, ghala linakuwa chumba cha dawa, na bidhaa zinakuwa kumwona daktari, kupimwa damu na kufungwa kidonda.

Wazo hili ni la zamani. Mnamo 1972 watu watano waliotoka katika kampuni ya IBM nchini Ujerumani walianzisha kampuni iliyokuja kujulikana kote ulimwenguni kwa jina SAP. Waliona hakuna haja ya kila kiwanda kuandikiwa programu yake upya, kwa vile hesabu za viwanda hufanana. Mteja wao wa kwanza alikuwa kiwanda cha kampuni ya ICI katika mji wa Östringen. Miaka ilivyosonga, wao na washindani wao walitambua kwamba hesabu hufanana lakini kazi hazifanani. Mwenye benki hakutaka kuonyeshwa programu iliyojaa maneno ya kiwandani. Hapo ndipo vilipozaliwa vifurushi vya kila sekta.

Kwa muuzaji, faida ni dhahiri. Daktari anayemiliki kliniki mtaani Umoja au Bamburi hana saa mbili za kuelezwa jinsi data inavyopangwa. Lakini akionyeshwa skrini iliyo na jina la mgonjwa, joto la mwili, presha, kipimo cha malaria na orodha ya dawa anazozitoa kila siku, ataelewa kwa dakika kumi. Ataona kazi yake mwenyewe pale, na mtu anayeiona kazi yake huwa karibu kutia sahihi.

Mwandishi huyu hana ugomvi na kiolezo chenyewe. Fundi cherehani pia hukata nguo kwa kutumia kiolezo, wala hakuna anayemlaumu. Kiolezo kizuri kilichotungwa na watu waliokaa hospitalini kinaweza kumkumbusha mwenye kliniki mambo ambayo hangeyafikiria: dawa inayokaribia kuharibika, mama mjamzito aliyekosa kurudi kliniki, chanjo ya mtoto ya wiki ya kumi. Pia humsaidia mtengenezaji kuuliza maswali ya maana badala ya kuanza na karatasi tupu. Tatizo huanza pale orodha ya maswali inapouzwa kana kwamba ni majibu.

Sukari inayodanganya

Hebu tuchukue kipimo cha sukari. Nchini Marekani, sukari ya damu huandikwa kwa miligramu katika desilita moja. Hapa Kenya, kama ilivyo Uingereza, hospitali nyingi huandika kwa milimoli katika lita moja. Ili kupata nambari yetu kutoka ile ya Marekani, unagawanya kwa 18. Kwa hivyo sukari ya mtu mwenye afya ambaye hajala inayosomeka 90 kule, husomeka 5 hapa.

Sasa tuseme kliniki imenunua kiolezo kilichotungwa kwa ajili ya hospitali za Marekani, na hakuna aliyebadilisha viwango vya kawaida vilivyomo ndani. Programu inajua kwamba sukari ya kawaida haipungui 70. Mpimaji wa maabara anaandika 5.2. Papo hapo skrini inawaka rangi nyekundu: sukari iko chini mno! Anayefuata ana 6.1, nyekundu tena. Hadi kufikia saa sita mchana wagonjwa thelathini wamewaka nyekundu, na wote wanatembea na kuongea vizuri.

Wahudumu watafanya nini? Watafanya ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Watazoea kuibonyeza ile alama nyekundu iondoke. Jioni analetwa mtoto wa miaka mitatu mwenye malaria kali, amelegea, sukari yake ni 2.1. Skrini inawaka nyekundu kama ilivyowaka kutwa, na mtu mwenye haraka aiondoe kwa kidole kile kile. Shirika la Afya Duniani huhesabu sukari iliyo chini ya 2.2 kwa mtoto mwenye malaria kuwa mojawapo ya dalili za malaria kali. Mtoto huyo anahitaji glukosi mara moja, si kesho.

Hapo programu haikuharibika. Ilifanya hasa ilivyoagizwa na watu walioitunga wakiwafikiria wagonjwa wengine.

Uzani nao una hatari yake. Marekani watu hujipima kwa paundi, na mtoto wa kilo 10 huwa na paundi 22 hivi. Dawa nyingi za watoto hupimwa kwa kila kilo ya mwili. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa kutibu watoto unaelekeza gentamisini miligramu 7.5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Kwa mtoto wa kilo 10 hiyo ni miligramu 75. Iwapo nambari 22 itaingia mahali ambapo programu inatarajia kilo, hesabu itatoa miligramu 165. Gentamisini ikizidi huweza kuharibu figo na masikio, na mtoto aliyepoteza uwezo wa kusikia akiwa na mwaka mmoja huenda asijulikane hadi atakapochelewa kuongea.

Yapo na madogo madogo yanayoudhi tu, lakini yakijumlishwa yanakuwa makubwa. Kiolezo cha kigeni hukataa kumsajili mgonjwa asiye na jina la ukoo, au asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa. Nyanya aliyezaliwa mwaka wa njaa fulani atapewa Januari 1 ili karani aweze kuendelea, na hivyo Januari 1 inageuka siku waliyozaliwa wazee wote wa mtaa. Tarehe 04/05 husomwa Aprili 5 na mashine, na 4 Mei na muuguzi. Mtoto aliyezaliwa leo hana jina, ana mama tu. Na wakiwa pacha?

Hospitali mbili, programu moja

Kisa kinachojulikana zaidi kuhusu jambo hili kilitokea katika hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani. Mnamo Oktoba 2002 hospitali hiyo iliweka mfumo wa kompyuta ulionunuliwa ukiwa tayari, wa madaktari kuagizia dawa na vipimo. Uliwekwa hospitali nzima kwa muda wa siku sita.

Madaktari wa hapo walichunguza rekodi za watoto 1,942 waliohamishiwa kwao kutoka hospitali nyingine katika kipindi cha miezi 18, kabla na baada ya kompyuta kuwekwa. Matokeo yao yalichapishwa katika jarida la Pediatrics mwishoni mwa 2005. Kabla ya mfumo mpya, waliofariki walikuwa asilimia 2.80. Baada yake walikuwa asilimia 6.57.

Sababu walizozitaja zinafaa kusomwa na kila anayenunua programu. Zamani, mtoto mahututi alipokuwa bado njiani, madaktari walianza kuagiza dawa ili azikute tayari. Mfumo mpya haukukubali agizo lolote hadi mtoto afike na asajiliwe. Agizo lililoandikwa kwa kalamu kwa sekunde chache sasa lilichukua dakika moja au mbili za kubonyeza. Dawa zilizokuwa karibu na wodi zilihamishiwa katika duka kuu la dawa la hospitali. Zaidi ya yote, maagizo ya pamoja ya wodi ya watoto mahututi, yaani vile violezo vidogo vinavyomwezesha daktari kuagiza dawa kumi kwa mbonyezo mmoja, hayakuwa yameandaliwa kabla ya siku ya kuanza.

Hospitali ya watoto ya Seattle ilikuwa imenunua programu ile ile. Ilianza kuitumia mwaka wa 2003, lakini kwanza iliwatuma watu wake Pittsburgh wakajionee yaliyowasibu wenzao. Waliandaa maagizo ya wodi ya mahututi mapema pamoja na madaktari na wauguzi watakaoyatumia. Ripoti yao ya 2006 ilionyesha kwamba vifo havikuongezeka. Vilikuwa asilimia 4.22 kabla na 3.46 baadaye, tofauti ambayo wao wenyewe walisema ni ndogo mno kujivunia.

Wataalamu wamebishana sana kuhusu takwimu za Pittsburgh, na wapo wanaosema kwamba lawama zote haziwezi kubebeshwa kompyuta. Huenda ni kweli. Hata hivyo, aliyeuza ni yule yule na bidhaa ni ile ile. Kilichotofautiana ni kazi iliyofanywa kati ya kununua na kuwasha.

Somo kutoka Mosoriot

Si lazima msomaji asafiri hadi Amerika kuona jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Mnamo Februari 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia rekodi za kompyuta. Mfumo huo ulitungwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi wakishirikiana na wenzao kutoka Chuo Kikuu cha Indiana, kwa kutumia programu ya kawaida ya Microsoft inayoitwa Access. Hawakuanza na skrini. Walianza kwa kukaa kituoni na kutazama mgonjwa anapitia wapi, anaandikwa nini na nani, na karatasi ipi huishia wapi.

Watafiti walipima muda kwa saa, kabla na baada. Ziara ya mgonjwa ilipungua kwa asilimia 22, na muda wa kungoja kwa asilimia 38. Matokeo hayo yalichapishwa 2003. Kuna jambo jingine ndani ya utafiti huo ambalo wauzaji hawapendi kulitaja: wahudumu walitumia nusu tu ya muda wa awali kuzungumza na wagonjwa, na muda mwingi kuliko awali kwa shughuli zao za binafsi. Kompyuta ilipunguza kazi, lakini haikusema muda uliobaki upewe nani. Hilo ni la msimamizi.

Wagonjwa wa Ukimwi walipoanza kuongezeka katika kliniki za Eldoret, programu ile ya mwanzo ililemewa. Kila mara daktari alipotaka kuuliza swali jipya, ilibidi mtunga programu aitwe kubadilisha kiini chake. Mnamo 2004 kundi la Indiana liliungana na shirika la Partners In Health la Boston kutunga mfumo mpya, OpenMRS, ambao ulianza kutumika Eldoret mwaka wa 2006. Mfumo huo hutolewa bure na mtu yeyote anaweza kuufungua na kuubadilisha.

Werevu wake umo katika kile wanachokiita kamusi ya dhana. Badala ya kuchonga maneno "presha" au "malaria" ndani ya programu, yote huwekwa katika kamusi pembeni: jina lake, kipimo chake, kiwango cha kawaida. Fomu inajengwa kwa kuokota maneno kutoka kwenye kamusi hiyo. Muuguzi akihitaji swali jipya, kamusi huongezwa neno, na kiini hakiguswi. Mfumo huo pia unakubali umri wa kukadiria, kwa hivyo nyanya wetu hahitaji kuzaliwa Januari 1 kwa lazima.

Kutokana na shina hilo yamechipuka matawi ya kila nchi na kila kazi. Kenya tuna KenyaEMR, iliyoanza kutumika 2012 katika kliniki za wanaoishi na virusi vya HIV. Uganda wana yao. Nchini India, mfumo wa Bahmni ulianzia katika hospitali ya mashambani ya Ganiyari, jimbo la Chhattisgarh, ambapo OpenMRS iliunganishwa na programu ya maabara na ile ya hesabu. Hivi navyo ni violezo vya sekta, tofauti ni kwamba vilitoka wodini vikaenda kwa watunga programu, badala ya kushuka kutoka ofisi ya mauzo.

Mwulize muuzaji

Je, mwenye kliniki anayetembelewa na kijana mwenye tai na kompyuta ya kubeba afanye nini? Kwanza, asikubali kuonyeshwa mgonjwa wa muuzaji. Mgonjwa wa muuzaji huwa na majina mawili, tarehe ya kuzaliwa, ugonjwa mmoja na pesa taslimu. Mpe wa kwako. Mpe mama aliyejifungua pacha usiku na mmoja akapewa rufaa kwenda hospitali ya kaunti. Mpe mzee anayelipa nusu kwa M-Pesa leo na nusu mwisho wa mwezi. Mpe Mercy Wanjiru watatu waliofika asubuhi moja. Mpe mtoto anayepaswa kupewa nusu ya tembe, kisha uone kama ghala litapunguza nusu au nzima. Katikati ya zoezi hilo, zima umeme.

Mwulize ripoti za serikali zinatoka vipi. Kila mwezi kituo cha afya hutakiwa kujaza fomu za wizara, kama vile MOH 705A ya magonjwa ya watoto walio chini ya miaka mitano na 705B ya waliozidi umri huo. Takwimu hizo huingia katika mfumo wa kitaifa wa DHIS2, uliotungwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Kenya iliusambaza nchini kote mwaka wa 2011. Kiolezo kinachojiita cha hospitali za Kenya lakini kinamwacha karani akihesabu vijistari kwenye rejista usiku wa mwisho wa mwezi, hakijafika Kenya bado.

Bima ni mtihani mwingine mzuri. Oktoba 2024 Hazina ya NHIF ilipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Programu ambayo bima ilikuwa ni orodha tu inayoweza kuhaririwa ilihitaji kuongezwa mstari na taratibu mpya za madai. Ile ambayo jina NHIF lilichongwa ndani ya kiini ilimrudisha mwenyewe kwa mtengenezaji, na mtengenezaji huwa na bei yake. Kwa hivyo uliza: nikitaka kubadilisha bei, kipimo, kiwango cha kawaida au jina la bima, nitafanya mwenyewe au nitakulipa wewe? Jibu liandikwe katika kandarasi.

Liandikwe pia ni nani anayemiliki rekodi, na zitatolewa vipi siku mtakapoachana. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, habari za afya ya mtu ni data nyeti, na wewe mwenye kliniki ndiwe utakayeulizwa zikivuja. Muuzaji anayedai kwamba rekodi zako haziwezi kutoka kwenye programu yake isipokuwa kwa kuchapishwa karatasi moja moja, amekueleza anavyokusudia kukushika.

Viwango vya maabara visiachiwe muuzaji. Mwite mpimaji wako wa maabara, aketi na mtengenezaji mchana kutwa ikibidi, wapitie kila kipimo na kila kizio kwa kukilinganisha na mashine zilizomo humo humo maabarani. Dozi za watoto nazo zilinganishwe na jedwali la mwongozo wa wizara, uzani kwa uzani. Ni kazi ya kuchosha, na katika bei nyingi zinazotajwa haimo. Afadhali ilipiwe.

Mgonjwa naye hana haja ya kujua OpenMRS ni nini. Lakini ukimpeleka mtoto kliniki, hakikisha amepimwa uzani siku hiyo, na kabla ya kuondoka dirishani pa dawa omba usomewe kilichoandikwa: jina, umri, kilo, na dawa inayomdhuru kama ipo. Usiridhike ukiambiwa iko kwenye kompyuta. Mwombe karani aigeuze skrini, utazame mwenyewe kama mtoto wako wa kilo 10 hajaandikwa 22.